Vyeti Getini, Mikono Ndani: Jora Lililopungua

"Mwizi!"

Neno lilikuwa limeshamtoka Msomi kinywani, na neno likishatoka halirudi, hata ulifuate kwa magoti.

Anayekumbuka tulipoishia wiki jana ashike kamba hapo hapo. Mgeni avute kiti, habari ni fupi. Dada wawili wa tumbo moja, kiwanda kimoja cha nguo, na kiti kimoja: kiti cha mkuu wa chumba cha kukatia. Mkubwa ana digrii ya usimamizi wa viwanda, ndiyo maana anaitwa Msomi. Mdogo hana cheti hata cha kuhudhuria semina. Ana kipande cha chaki nyuma ya sikio, ndiyo maana anaitwa Chaki.

Mwenye mali, mwanamke wanayemwita Mama Kiwanda, alitoa tangazo la mstari mmoja: vyeti viachwe getini, mikono iingie ndani. Jana kila mmoja akakabidhiwa jora la kitambaa cha kuvutika, mita thelathini, akate suruali ishirini za wauguzi. Atakayekata vizuri ndiye mkuu.

Msomi alikata zake siku ile ile, zikashonwa, zikatundikwa. Chaki alilifungua jora lake, akakitandaza kitambaa mezani, akajifuta mikono, akaenda nyumbani kana kwamba siku ilikuwa ya mapumziko.

Asubuhi hii Msomi kawahi. Kanyata hadi meza ya mdogo wake na futi kamba mkononi. Kapima. Karudia kupima.

Mita ishirini na nane na nusu.

"Mwizi!" alirudia, sasa kwa sauti ya kufika stoo. "Jamani njooni! Mita moja na nusu haipo!"

Cherehani thelathini zikanyamaza kwa mpigo.

"Nani mwizi?" aliuliza Mzee Futi. Huyu ndiye mkataji anayestaafu, na kiti kinachogombewa ni chake.

"Muulize huyo!" Msomi alimnyooshea kidole Chaki aliyekuwa ndio kwanza anaingia, aproni bado mkononi. "Jana tumepewa mita thelathini sawasawa, mbele yako mzee. Nimepima leo. Zimebaki ishirini na nane na nusu. Nyingine imeota mbawa?"

"Na wewe nani alikutuma upime meza ya mwenzio?" ilisema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Vifungo, mwanamke mnene anayeshona vifungo na kufungua midomo.

"Wewe shona vifungo."

"Nashona, mama. Ila masikio sikuyashona."

Watu wakacheka. Chaki hakucheka. Alifunga aproni yake, fundo la kwanza, fundo la pili, akamtazama dada yake.

"Dada, umemaliza?"

Basi! Hicho ndicho kilichokuwa kikimchoma Msomi siku zote: ule utulivu. Angelia, angetukana, angerusha mkasi, ingekuwa nafuu. Lakini Chaki alikuwa hivyo tangu utotoni. Ukimnyang'anya anakutazama, ukimpa anakutazama vile vile.

Na watu walimpenda kwa hilo! Mama yao, alipoambiwa binti zake wanashindania kiti kimoja, alisema "Mungu awape wote," kisha akachukua pasi akainyoosha aproni ya Chaki. Ya Msomi haikuguswa. Mume wa Msomi naye, mtu mzima na akili zake, alisimama mbele ya kioo juzi akajipapasa mapaja: "Suruali hii shemeji kanishonea mwaka wa tatu huu, haijawahi kuninyima kuinama." Mke wake wa ndoa amesimama hapo hapo na digrii yake ukutani.

Na zaidi ya yote, aliyemwombea Msomi kazi kiwandani hapa, baada ya miaka minne ya kuzunguka na bahasha, alikuwa nani? Chaki huyo huyo. Kuna wema unaokaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Sijamaliza," Msomi alisema. "Nataka apekuliwe."

"Apekuliwe nani?"

Mama Kiwanda alikuwa ameshuka ngazi bila kusikika. Mwanamke mfupi, miwani puani, vidole vimejaa alama za sindano za ujanani.

Msomi akaeleza. Alieleza vizuri, kwa hatua, kama walivyomfundisha chuoni. Mama Kiwanda akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mlinzi wa geti.

"Leta mkoba wake."

Mlinzi akaumwaga mkoba wa Chaki juu ya meza. Chombo cha chakula. Ndala. Kitambaa cha kujifutia jasho. Na picha moja iliyochakaa kwa kushikwashikwa.

Vifungo akaidaka kabla mtu hajaizuia. "Loo! Jamani tazameni!"

Ilikuwa picha ya Msomi mwenyewe, siku ya mahafali, joho limemfunika mpaka viatu, kofia imelala upande.

"Mwizi gani huyu anatembea na picha ya anayemshitaki?"

Mwingine hapo angeona haya. Msomi aliona moto. Hata hili kanizidi, alijiambia. Hata kunipenda kanizidi!

"Picha haijibu swali," alisema. "Mita moja na nusu iko wapi? Pengine kaipitisha dirishani."

Mama Kiwanda akamgeukia Chaki. "Sema mwanangu. Kitambaa kiko wapi?"

"Kipo pale mezani, mama. Chote."

"Pale pana ishirini na nane na nusu," Msomi alidakia.

"Ndiyo. Kimelala."

Msomi akaangua kicheko. "Kimelala! Jamani, kitambaa kimelala! Na kinakoroma? Mmekitandikia na shuka? Mama, huyu ndiye unataka akuendeshee chumba cha kukatia? Mtu anayebembeleza vitambaa kama watoto wachanga?"

Aligeuka kutafuta wenzake wa kucheka nao.

Hakukuwa na aliyecheka. Watu thelathini walikuwa wanamtazama, na si kwa hasira. Walikuwa wanamtazama kama unavyomtazama mtu aliyetoka bafuni amesahau kufunga zipu.

"Binti yangu," Mzee Futi alisema taratibu, "jana wewe ulikilaza chako saa ngapi?"

"Kukilaza vipi?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kitambaa cha kuvutika kikizungushwa kwenye jora kinavutwa. Kinatufikia hapa kimenyooka kama mtu aliyesimamishwa kwa ncha za vidole. Ukikifungua ukakiacha, kinashusha visigino. Kinajirudi, kinafupika. Sisi tunasema kina hasira, kilaze mpaka hasira ziishe. Ukikikata na hasira zake, zitamtokea mvaaji."

"Hayo ni maneno ya... ya mitaani," Msomi alisema. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua mita moja na nusu.

"Pasi ya mvuke," aliagiza Mama Kiwanda. "Na jora jipya."

Likaletwa. Mzee Futi akavuta mita moja hasa kutoka kwenye jora, akaomba chaki. Chaki akaitoa nyuma ya sikio akampa. Mistari miwili, huku na huku. Akakata, akakiachia kitambaa mezani, akakipitishia mvuke mara tatu. Kitambaa kikatetemeka kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi.

"Pima wewe, usiseme tumekuonea."

Msomi akapima. Kati ya mstari na mstari palikuwa na sentimita tisini na tano.

"Tano zimekwenda wapi?" aliuliza Vifungo. "Mlinzi, hebu pekua na pasi!"

Kicheko kilichopigwa hapo kilitikisa vioo. Na katikati ya kicheko kile Msomi alipiga hesabu, maana hesabu anazijua, hakuna wa kumnyima hilo. Sentimita tano kila mita. Mita thelathini. Mita moja na nusu kamili.

Kisha hesabu ya pili ikamjia yenyewe, hakuiita. Suruali zake. Suruali zake ishirini, zilizotundikwa pale ukutani, alizokata moto moto kutoka kwenye jora. Mama Kiwanda mwenyewe alizipitia jana jioni akasema zimenyooka.

Mama Kiwanda alikuwa ameshazitazama.

"Tia moja kwenye maji ya moto."

"Mama, subiri kwanza..."

"Wauguzi wanafua, mwanangu. Hawasubiri."

Ikatiwa majini, ikakamuliwa, ikapigwa pasi mpaka ikakauka. Mama Kiwanda akaangaza macho kutafuta wa kuivaa, na Vifungo alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaingia nayo stoo. Zikasikika kelele za mapambano. Akatoka.

Suruali ilikuwa imemwishia juu ya vifundo vya miguu. Kiunoni kifungo na tundu lake vilikuwa vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombana.

"Jana nilijaribu moja kama hii, ikanikaa," Vifungo alisema akihema. "Leo nikipiga chafya tu, mtaniona wote."

Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Msomi alisimama kama nguzo. Digrii yake ilikuwa imefundisha mpango wa kazi, mtiririko wa kazi, tathmini ya kazi. Kitambaa kulala haikumwambia. Na yeye, miezi mitatu ndani ya jengo hili, alikuwa anawaona watu wakitandaza vitambaa jioni na kuondoka. Kila siku aliandika kwenye ripoti yake neno moja: uzembe.

Lakini mtu wa wivu hakosi kijiti cha mwisho cha kushika.

"Sawa!" alipaza sauti. "Mimi nimekosea. Ila yeye hajakata hata moja! Mnataka kumpa kiti kwa kulala?"

Mama Kiwanda akaitikia kwa kichwa polepole. "Hilo ni kweli. Haki ni haki. Chaki, kata."

Chaki akasogea mezani. Kwanza alikipitishia kitambaa kiganja, mara moja, kuanzia ncha hadi ncha. Halafu akapanga karatasi za vipimo. Hakuzipanga kama zilivyochorwa, moja nyuma ya nyingine. Alizigeuzageuza, mguu wa hii ukaingia kwenye nyonga ya ile, mkanda ukajificha kwenye pembe, kama watu wa nyumba ndogo wanavyojua kulala wengi kitanda kimoja. Akaichukua chaki yake kwa Mzee Futi, akachora. Akarudisha chaki sikioni. Akashika mkasi.

Msomi alitamani mkasi uteleze. Aliomba kabisa, midomo ikicheza. Wakati huo huo, na hili lilimuudhi kuliko yote, macho yake hayakuweza kubanduka kwenye ile mikono. Ilikuwa inapendeza kuitazama. Angepewa nafasi ya kuichukua ile mikono na kumwachia Chaki digrii, angebadilishana hapo hapo, na chenji asidai.

Kabla ya saa sita mchana vipande vilikuwa vimepangwa.

"Hesabu," alisema Mama Kiwanda.

Mzee Futi akahesabu. Alipofika ishirini hakunyamaza.

"Ishirini na moja. Ishirini na mbili." Akainua uso. "Suruali ishirini na mbili, mama. Kwa kitambaa kilichopungua."

Moja ikashonwa, ikatiwa maji ya moto, ikapigwa pasi. Vifungo akaivaa, akatoka stoo akitembea kama bibi harusi. Akainama. Akachuchumaa. Akajizungusha.

"Hii suruali inanijua jina," alisema.

Hapo Mzee Futi alivua futi kamba yake shingoni, iliyokuwa imefifia namba kwa miaka arobaini, akamvisha Chaki. Mama Kiwanda hakuhutubia.

"Kuanzia sasa chumba ni chake. Anayetaka kuuliza cheti, akaulize ile suruali."

Makofi yakalipuka. Msomi naye alipiga, mara mbili, kwa ncha za vidole. Kiti kimekwenda. Nyumbani mama atapiga vigelegele, mume atauliza kama shemeji sasa atapata muda wa kumshonea nyingine. Na yeye ataitwaje? Msomi? Jina hilo kuanzia leo litakuwa tusi.

"Bado moja," Mama Kiwanda alisema, na makofi yakakatika. "Mkuu wa chumba ndiye anayeamua nani afanye kazi humu. Huyu dada yako kakuita mwizi mbele ya watu thelathini. Anabaki au anakwenda?"

Macho yote yakahamia kwa Chaki. Msomi akainua kidevu. Nifukuze, alimwomba kimoyomoyo. Nifukuze, angalau mara moja uwe mbaya, na mimi nipate cha kukuchukia.

"Anabaki," alisema Chaki. "Aanzie mezani, ashike ncha ya kitambaa kama sisi wote tulivyoanza. Hesabu anajua kutuzidi. Mikono itakuja."

"Sihitaji huruma yako!"

"Si huruma, dada. Nina upungufu wa washika ncha."

Watu wakacheka tena, na Mama Kiwanda akacheka nao. Akamshika Chaki bega, akamgeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayekagua mshono.

"Hebu niambie. Ule upangaji wa vipande, mguu ndani ya nyonga, ulijifunzia wapi? Nimeuona mahali."

"Mwenyewe tu, mama. Zamani nilifanya mtihani wa kuingia chuo cha ushonaji, tukapewa karatasi tukate kola. Nikaona karatasi nyingi inatupwa, nikazipanga hivyo. Nikakata kola tatu badala ya mbili."

Mama Kiwanda akavua miwani.

"Kola tatu," alisema. "Mwaka wa mafuriko."

"Mama umejuaje?"

"Nimejuaje! Mimi nilikuwa kwenye kamati ya chuo. Tulizungusha ile kola ya tatu mezani kama hirizi. Tukasema huyu msichana ndiye wa kwanza. Tulikungoja wiki tatu, mwanangu. Hukuja. Nafasi tukampa mwingine."

Rangi ilimbadilika Chaki. Kwa mara ya kwanza siku ile.

"Sikuitwa, mama. Barua haikuja. Nilijua nimeshindwa. Ndiyo nikaja hapa kufagia chini ya meza."

"Haikuja vipi? Barabara zilikatika, posta haikufanya kazi, kwa hiyo tulituma mtu wa pikipiki nyumba kwa nyumba. Hakuna barua iliyorudi."

Hapa msomaji umtazame Msomi, maana hakuna mwingine aliyekuwa anamtazama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakuwa kiwandani tena. Alikuwa mlangoni kwao, miaka kumi nyuma, matope mpaka magotini, pikipiki inanguruma. Mwezi mzima alikuwa anangoja barua yake ya chuo kikuu. Akasikia pikipiki, akatoka mbio, akanyoosha mikono yote miwili, akasoma bahasha. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mdogo wake.

Alijiambia atampa, yake ikifika. Yake ilifika baada ya wiki tano.

"Labda alikosea nyumba," alisema Msomi. Sauti haikuwa yake.

"Hakukosea." Mama Kiwanda alikuwa ameshatoa simu mfukoni mwa gauni. "Alikuwa na daftari. Kila aliyepokea barua alisaini jina lake. Chuo hakitupi karatasi, daftari liko pale mpaka leo. Napiga sasa hivi, watusomee aliyesaini."

Akaanza kubonyeza namba. Moja. Mbili. Tatu.

Mkono wa Chaki ukaifunika simu.

"Usipige, mama."

"Kwa nini? Hutaki kumjua?"

Chaki alikuwa anahesabu, na ungeona midomo ikienda, kama anavyohesabu vipande.

"Mimi nilikuwa kwa shangazi, namuuguza, mto ukajaa sikuweza kurudi. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani walibaki watu wawili." Aliongea polepole, kila neno likiwekwa pahala pake. "Mama yangu hajui kalamu. Maisha yake yote anaweka kidole gumba."

Akageuka. Futi kamba ya Mzee Futi ilimning'inia shingoni, chaki ilikuwa bado sikioni, lakini ule utulivu wa siku zote haukuwepo. Msomi alimtafuta mdogo wake kwenye uso ule, akamkosa.

"Dada," alisema Chaki. "Barua yangu iko wapi?"